Vigingi Vyekundu

Jumatatu ile nilishuka kwenye pikipiki ya kukodi pale kwenye gereji ya matairi, begi la safari bado liko begani, nikatazama ng'ambo ya barabara, na damu ikanichemka hata kabla akili haijaelewa macho yanaona nini. Nyasi zilizokuwa zikinifika kifuani hazikuwepo. Kuanzia gereji mpaka barabara inapokata kona palikuwa peupe, pamenyolewa hadi udongo unaonekana. Zilizokatwa zimelala pale pale zilipoangukia, na yale maua ya njano ambayo yalikuwa hayajatoa mbegu yamechanganyika nazo, yameanza kunyauka. Mwenye pikipiki aliona uso wangu akauliza kama kuna msiba. Nikamwambia upo, ila bado sijajua wa kumzika.

Mimi kazi yangu ni kufyeka kando za barabara. Miaka ishirini na miwili sasa. Nilianza na fyekeo la mkono kabla ofisi haijanunua trekta, na mgongo wangu ni shahidi. Wakati wa mambo haya nilikuwa mnyapara wa kikosi cha watu sita, na kikosini waliniita Pilipili wakidhani sijui. Nilijua, wala sikukataa. Mtu akiharibu kazi nilimpasha hapo hapo mbele ya yeyote, na nikimaliza nimemaliza, sina kinyongo na mtu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijisifu, na watu wakinisikiliza walitikisa vichwa kama kwamba ni sifa kweli.

Kipande kile cha barabara kilikuwa cha dada yangu. Si kwa hati, barabara ni ya umma, lakini yeye ndiye aliyekihangaikia. Dada amenitangulia miaka saba, alifundisha sayansi shule ya msingi mpaka akastaafu. Tulipokuwa wadogo tulipita njia hiyo hiyo kwenda shule, na kando yake kwale walikuwa wakikurupuka miguuni mwako unaruka na daftari lako. Kulikuwa na vipepeo, vinyonga kwenye ule ugo wa miti ya miiba ulio nyuma ya mtaro, na nyuki wengi mpaka unalazimika kupaza sauti. Halafu ikaja ofisi yetu na usafi wake. Fyeka kila mwezi, fyeka mpaka chini, ugo nao ukatwe pande zote mbili kila mwaka hata kama ndege wamekalia mayai. Usafi! Kilichobaki ni nyasi za aina moja, ngumu, na kimya. Na mimi nilikuwa mmoja wa waliofyeka, sijitoi.

Dada aliliandikia baraza barua kumi na moja. Ya kumi na mbili wakakubali, nadhani kwa kuchoka naye. Walimpa kilomita moja na nusu, kutoka gereji hadi daraja dogo, kwa misimu mitatu ya majaribio. Utaratibu aliupanga yeye. Kufyekwe upana wa meta moja tu kutoka ukingo wa lami, ili madereva waone mbele, na pale njia panda. Sehemu nyingine yote iachwe mpaka mbegu zidondoke, ndipo ifyekwe mara moja, na majani yakusanywe na kuondolewa, maana yakiachwa yaoze yananenepesha udongo na zile nyasi ngumu zinameza kila kitu. Ugo ukatwe upande mmoja kwa mwaka, vifaranga wakisharuka. Mwisho wa msimu wa tatu wangehesabu. Aina za maua na wadudu zikiwa zimeongezeka mara mbili, barabara zote za wilaya zingefyekwa hivyo. Zisipofika hapo, au jaribio likiharibiwa na wasimamizi wake wenyewe, faili lingefungwa na Dada asilete barua tena. Msimamizi aliyeandikwa kwenye faili ni mimi.

Hesabu ya mwisho ilikuwa Alhamisi ya wiki hiyo. Na jambo jingine, ambalo ofisi haikulijua: Dada ana presha ya macho. Daktari alimwambia bila kumficha kwamba baada ya mwaka mmoja, labda miwili, hataweza tena kutofautisha kipepeo na jani. Aliniambia mimi peke yangu. Hakuwa na misimu mitatu mingine ya kuanza upya.

Sasa elewa hasira niliyokuwa nayo nikitembea kuelekea ofisini. Wiki nzima nilikuwa hospitali na binti yangu, amejifungua, mjukuu wangu wa kwanza, na furaha yote hiyo iliniishia kati ya gereji na geti la ofisi. Njiani niliwapanga wabaya wangu. Wa kwanza mwenye gereji, ambaye miaka mitatu alituimbia kwamba nyasi zinaleta nyoka. Nyoka hajamng'ata mtu hata mmoja pale, mwenye gereji mwenyewe ameng'atwa mara mbili, na mbwa wake. Wa pili bosi wetu, kijana wa shati lililopigwa pasi, anayetaka kando ya barabara ifanane na zulia la sebuleni kwake. Lakini mkono uliofanya ulikuwa mmoja tu, na nilijua ni wa nani, kwa sababu trekta la kufyekea lina dereva mmoja.

Tunamwita Gia Moja kwa vile anavyoendesha. Ni mdogo wake mume wangu, shemeji yangu, mtu wa maneno matatu kwa siku. Dereva wa zamani alikuwa amestaafu mwaka huo huo, na Gia Moja akaletwa kutoka kitengo cha miti, ambako alikaa miaka minane. Nilimkuta uani chini ya kibanda cha trekta anakunywa chai na wenzake. Nikatua begi, nikamwaga.

Sitarudia yote. Nilimwambia ana roho ya chuma. Nilimwambia hata trekta lina nafuu, kwa kuwa trekta mtu anaweza kulizima. Nilimwambia amefyeka mayai, amefyeka vifaranga, amefyeka macho ya Dada. Hilo la macho lilinitoka, na wenzake hawakulielewa. Nilimwambia kwamba kama kaka yake angejua ni mtu wa namna gani asingempa nauli ya kuja kutafuta kazi mjini. Wale wenzake waliangalia vikombe vyao. Yeye aliweka chake chini taratibu, akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Shemeji, nilikupigia," alisema.

"Usiniite shemeji."

Akachukua kikombe chake tena. Bosi alitoka na faili lake kwapani, akauliza kuna nini, nikamweleza kwa sauti ile ile. Nikamwambia saa sita ikifika huyu bado yuko juu ya mashine ile, mimi naondoka na kikosi changu chote. Bosi hakubisha. Kwa kweli niliona uso wake umelegea, kama mtu aliyekuwa akitafuta pa kutua mzigo akaonyeshwa. Kabla ya chakula cha mchana Gia Moja alikuwa amesimamishwa kazi na amekabidhi ufunguo. Na mimi niliona haki imetendeka, nikaenda kwa Dada.

Alikuwa barazani, amevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, anapiga msasa fremu yake ya mbao. Fremu hiyo ndiyo ya kuhesabia: unaitupa nyasini, ikianguka unahesabu kila kinachoishi ndani ya ile miraba yake. Nilimwambia kipande kimefyekwa.

"Chote?" aliuliza.

"Chote."

Akauliza kuhusu ugo. Nikamwambia ugo umebaki, mashine haikufika ng'ambo ya mtaro. Akaitikia kwa kichwa, akaweka msasa chini, akakaa. Nilisubiri alie au atukane, chochote ningekipokea. Badala yake akaniuliza mtoto ana kilo ngapi na ananyonya vizuri. Nilikasirika zaidi. Nilitaka mtu wa kukasirika pamoja naye, na yeye alikuwa anapangusa vumbi la mbao kwenye magoti.

Nyumbani nako hakukuwa na mwenza wa hasira hiyo. Mume wangu alikuwa ameshapata habari. Nilianza kumsimulia, akaniacha nimalize, halafu akasema, "Yule ni mdogo wangu," akaenda kulala bila kula. Nikasema moyoni, ukoo mzima mmoja.

Jumanne nilichukua reki, sikumwita mtu, nikaenda kukusanya majani yaliyokatwa kabla hayajaanza kuoza. Nilireki kwa hasira, na hasira ni nguvu, lakini si nguvu ya kilomita moja na nusu. Huku nikireki niling'oa vigingi. Hivyo ni vijiti vya urefu wa goti ninavyovipanga mimi mwenyewe kila msimu, kuonyesha ile meta moja ya kufyekwa inaishia wapi na sehemu ya kuachwa inaanzia wapi. Nilivitia kwenye gunia, nusu yake, kama thelathini hivi. Kufika karibu na kona mgongo ukagoma. Upande wa darajani sikuufikia.

Jioni hiyo bosi akanipigia. Sauti yake ilikuwa tamu, jambo lililopaswa kunishtua. Alisema ameongea na afisa mazingira wa baraza, yule atakayekuja kuhesabu, na kwamba kuna mlango. Kama uharibifu umefanywa na mfanyakazi aliyekiuka alama, basi si kosa la mradi, na afisa anaweza kupendekeza msimu mmoja wa nyongeza. Kinachotakiwa ni barua: dereva amekiuka, ameadhibiwa, msimamizi anathibitisha. Nikamwambia leta niweke sahihi hata sasa hivi. Msimu mmoja! Dada angeweza kuuona msimu mmoja. Nililala usingizi mzuri siku hiyo.

Jumatano asubuhi nilibeba lile gunia hadi stoo. Mtunza stoo wetu ni mkono wa birika, ukichukua msumari anataka kujua unaenda kwenye ukuta gani, kwa hiyo vitu vyake narudisha mapema. Alimwaga vigingi juu ya meza, akachukua kimoja, akakigeuza.

"Si nilikwambia hii rangi ni ya kukatia miti," alisema.

Nikamuuliza anasema nini. Akanieleza taratibu, akiendelea kuvipanga. Kwamba wiki tatu zilizopita nilifika pale na vigingi vipya sitini, vya zamani vimeliwa na mchwa, nikataka rangi nyeupe kama kila mwaka. Kwamba nyeupe ilikuwa imekwisha. Kwamba alinipa nusu kopo ya nyekundu iliyobaki kitengo cha miti, akanionya hiyo ndiyo wanayochorea miti ya kuangushwa. Na mimi nilikuwa na haraka, binti yangu alikuwa amekaribia siku zake.

"Ukasema rangi ni rangi," akamalizia.

Niliikumbuka sauti yangu mwenyewe ikilisema neno hilo. Niliikumbuka na brashi, na jinsi rangi ilivyonidondokea kwenye kiatu, bado ipo.

Ofisini kwetu, mti ukizungushiwa nyekundu maana yake ni ondoa. Si jambo la kuuliza. Mimi mwenyewe, kabla ya kuwa mnyapara, nilikaa miaka minne kitengo cha miti nikitembea na kopo hilo na brashi hiyo, nikizungushia nyekundu kila kilichotakiwa kuanguka. Lakini kikosini kwangu wote tunafyeka kwa mkono pembeni ya magari, na kwetu nyekundu ni simama, hatari, usiguse. Nilipaka vigingi nikiwaza kama watu wa kikosi. Aliyekuja kuvisoma alikuwa mtu wa miti wa miaka minane. Karatasi yake ya kazi, mtunza stoo alikuwa na nakala, ilisema tu: fyeka kulingana na alama.

Nikatoa simu. Ijumaa, saa nne asubuhi, Gia Moja, mara tatu. Ijumaa saa nne nilikuwa nimempakata mjukuu. Niliiona simu ikiwaka, nikasema huyu anataka kuazima kitu, nikaigeuza kifudifudi kitandani.

Watu husema ulimwengu uliwageukia. Mimi ulinigeukia pale stoo, mbele ya mzee wa misumari, na sikuwa na pa kuipeleka hasira ile. Ilikuwa ni ile ile ya Jumatatu, haikupungua hata tone, ila sasa ilikuwa imekosa mtu wa nje wa kumwangukia. Nilimuuliza mtunza stoo kama Gia Moja alimuuliza mtu yeyote siku ile. Akasema ndiyo, alikuja pale akauliza, wakapiga simu kwa bosi, na bosi akajibu, alama si umeziona, fanya kazi. Nikashukuru kidogo kwamba bosi naye alikuwa na kipande chake. Halafu nikaona aibu kwa kushukuru.

Sikwenda kwa Dada siku hiyo. Nisikudanganye kwamba nilikuwa natafuta maneno. Nilikuwa napiga hesabu ya uoga. Barua iko tayari. Nikinyamaza, Dada anapata msimu wake. Gia Moja amekwisha tukanwa, amekwisha simamishwa, baada ya mwezi mambo yakipoa namwombea arudishwe. Hakuna atakayekufa. Nikisema, msimamizi wa jaribio ndiye aliyeliharibu, na faili linafungwa. Niliizungusha hivyo mpaka jioni, na kila nilipopita sebuleni mume wangu aliinua macho kutoka kwenye redio na kuyarudisha.

Alhamisi tulikutana kwenye gereji. Afisa mazingira alikuwa mama wa makamo mwenye buti za mpira na sauti ya chini, mtu unayemwona anapima kabla ya kusema. Bosi alikuwa na barua. Dada alikuja na fremu yake na lile daftari la jalada la bluu ambalo kwa miaka mitatu hakuna mkono mwingine ulioruhusiwa kuandika ndani yake, hata wangu. Na Gia Moja aliitwa pia, amevaa shati safi, amekaa kwenye ukingo wa mtaro mbali kidogo na wengine, kama mtu anayesubiri daktari.

Bosi akasoma. Dereva, akijua wazi sehemu iliyokatazwa, alikiuka alama zilizowekwa. Nilitazama chini ya barua alipokuwa akimpa afisa. Sahihi ya Gia Moja ilikuwepo tayari. Baadaye nilikuja kujua bosi alimwambia hii ndiyo njia pekee ya kumwokolea mwalimu kipande chake, akatia sahihi bila kuuliza swali la pili.

Afisa akanigeukia. Akasema anachohitaji ni neno langu kama msimamizi, kwamba alama zilikuwa sahihi. Dada naye aligeuza uso kwangu, macho yale yanayotafuta mahali pa kutua. Neno lenyewe ni ndiyo. Nimesema maneno makubwa kuliko hilo maisha yangu yote bila kufikiri.

"Alama zilikuwa nyekundu," nilisema. "Nilizipaka mimi. Yeye alifanya kama zilivyomwambia."

Bosi akakohoa, akasema mama amechoka, amekaa hospitali wiki nzima. Nikamwambia anyamaze, aliulizwa kwenye simu akajibu kama mtu anayefukuza nzi, na nikaeleza yote. Nusu kopo, mtunza stoo, rangi ni rangi, simu tatu. Nilieleza kwa sauti kubwa kwa sababu sijui kueleza kwa nyingine. Nilipomaliza, magari mawili yalipita.

"Umejua lini?" Dada aliuliza.

"Jana."

"Na Jumatatu ulikuwa unajua nini?"

Nikasema sikuwa najua chochote.

"Lakini ulisema," akasema Dada. Sijawahi kumsikia na sauti ile, si darasani, si kwenye msiba wa mama yetu. Ilikuwa inatetemeka, na haikuwa ya kulia. "Ulisema siku nzima. Wilaya nzima ilikusikia. Miaka mitatu mimi sijaandika kitu humu ambacho sijakihesabu mara mbili, na wewe unamwangamiza mtu kwa kutupa jicho mara moja."

Afisa alifunga faili. Alifanya hivyo kwa heshima, nitampa haki yake, na alisema anasikitika, kanuni ni kanuni, kosa ni la usimamizi. Bosi aliikunja ile barua mara nne, ikawa ndogo kabisa, akaitia mfukoni.

Nilidhani tutaachana hapo. Dada akasema hesabu ipo kwenye ratiba na atahesabu. Afisa akasema hana wajibu wa kungoja. Dada akasema hakumwomba angoje. Afisa akatazama saa yake, akavuta buti zake juu, akamfuata.

Vituo ni kumi. Cha kwanza Dada akaitupa fremu, ikagonga udongo mkavu. Akapiga magoti, akainamisha uso mpaka karibu na ardhi, akapapasa kwa vidole. Sifuri. Cha pili sifuri. Cha tatu mdudu mmoja aliyekuwa akitafuta njia ya kutoka. Nilitembea nyuma yao na Gia Moja alitembea nyuma yangu, na bosi alibaki garini. Kila sifuri aliitamka kwa sauti na kuiandika kwa herufi kubwa. Mimi kila moja niliimeza. Tukapita kona. Cha sita sifuri.

Kwenye kituo cha saba, upande wa darajani, ambapo kando inateremka kuelekea mtaroni, nyasi zilikuwa zimesimama. Kipande kidogo, ukubwa wa mkeka wa watu wawili, katikati ya upara ule wote, na maua yake ya njano juu. Alama za matairi zilikuja moja kwa moja mpaka hatua mbili kutoka hapo, zikazunguka, zikaendelea mbele. Dada hakutupa fremu. Alipiga magoti, akafungua nyasi kwa mikono miwili kama anavyofungua mtu pazia la chumba chenye mgonjwa. Kwale alikuwa amejibana chini, jicho moja limetukodolea. Chini ya ubavu wake mayai yalionekana nusu. Dada akazirudisha nyasi polepole.

"Uliniambia chote," alisema bila kunitazama.

Sikuwa nimefika pale. Si Jumatatu, si Jumanne.

Nikageuka. Gia Moja alikuwa amesimama juu ya ukingo, mikono nyuma.

"Hakuruka," alisema. "Nilikuja juu yake na mashine, yeye akabaki amelala tu. Nikajua ana mayai. Nikainua kisu."

"Mbona hukuniambia?"

Alifikiri. Huyu mtu hasemi kitu bila kukifikiri, na miaka yote hiyo mimi nilimwona ni mzito wa akili.

"Hukunipa nafasi," akasema.

Hakulisema kwa kunisuta. Angenisuta ningeweza kujibu, kujibu najua. Nilisimama pale na mdomo wangu mkubwa wote, nikamwomba radhi kwa sauti ambayo sikuitambua, ndogo, na nikamwita shemeji. Akaitikia kwa kichwa. Hakusema yameisha, na nisingeamini kama angesema.

Ofisi ilimrudishia ufunguo wiki iliyofuata. Unyapara walinivua, na hilo sikulibishia. Faili halikufunguliwa tena mpaka leo. Barabara zote za wilaya zinafyekwa kila mwezi hadi udongo, na mimi niko kwenye kikosi, nina fyekeo la mkono, nafyeka nilipoambiwa.

Lakini siku ile, pale mtaroni, Dada aliinuka akapangusa magoti, akafungua daftari la bluu kwenye ukurasa wa kituo cha saba. Akatoa kalamu nyuma ya sikio. Nilidhani ataandika. Akaninyooshea vyote viwili, kalamu na daftari.

"Andika wewe," alisema. "Ya kwake na ya kwako. Usipunguze."

Niliandika nimeegemeza daftari kwenye paja, mwandiko mbaya, chini ya miaka mitatu ya mwandiko wake mzuri. Kituo cha saba: kwale mmoja, amekalia mayai, ameachwa na dereva. Vituo vilivyotangulia: mdudu mmoja tu. Sababu: vigingi vyekundu. Msimamizi hakupokea simu. Msimamizi hakuuliza. Nikamrudishia. Akalisogeza daftari karibu na uso, akalisoma neno kwa neno, ilimchukua muda mrefu, kisha akarudisha kalamu kwangu na kuniambia niweke jina.